Kumlea kipepeo wa mlimau kutoka yai hadi mbawa: mwongozo kamili

Juu ya jani la mche wa mlimau kuna kitu kinachong'aa kwa unyevu, cheusi chenye baka jeupe, mfano wa kinyesi cha ndege. Kiguse kwa ncha ya unyasi. Kikichomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa na harufu kali ikakupiga puani, hicho si kinyesi. Ni kiwavi wa Papilio demodocus, kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano anayeruka bustanini karibu kila pembe ya Afrika kusini mwa Sahara, Madagaska, na hata kusini mwa Bara Arabu. Kwa anayeanza kulea vipepeo Afrika Mashariki, huyu ndiye wa kuanza naye. Penye joto huzaa mwaka mzima, mti anaoula upo nyuma ya nyumba, na kila hatua ya maisha yake huonekana kwa macho matupu.

Wengi wanaoshindwa walijenga banda zuri la wavu kabla hawajawa na majani. Kazi hii ni kilimo cha malimau kwanza, ufugaji baadaye. Viwavi 20 wa umri wa mwisho wataumaliza mti mdogo kabla hujajua utawahamishia wapi, na kiwavi aliyelala njaa siku mbili hutoa kipepeo mdogo mwenye mbawa zilizokunjamana, ikiwa atafika huko.

Hakikisha ni yeye

Kipepeo mzima ana upana wa sentimita 10 hadi 13 mbawa zikinyooshwa. Yumo katika ukoo wa vipepeo wenye mikia kwenye mbawa za nyuma, lakini yeye mwenyewe hana mkia. Kila ubawa wa nyuma una mabaka mawili kama macho. Lile lililo upande wa tumbo lina wekundu na buluu. Dume na jike wanafanana. Jike kwa kawaida ni mkubwa kidogo na tumbo lake ni nene, ilhali tumbo la dume huishia kwenye vibamba viwili vinavyoonekana ukimtazama kwa nyuma. Jizoeze kuvitambua, maana baadaye vitakusaidia kwenye kupandisha.

Ndugu zake wawili huchanganya watu, kwa kuwa nao hula mimea ya jamii hiyohiyo. Papilio nireus ni mweusi mwenye ukanda wa buluu inayoelekea kijani, na jike lake hutaga kwenye michungwa pia. Papilio dardanus dume ana rangi ya malai na mikia mirefu, wakati majike yake yana sura nyingi tofauti zinazoiga vipepeo wenye sumu, kiasi kwamba usingedhani ni jamii moja na dume. Ukiokota mayai porini, kubali kwamba baadhi yatakuwa ya hao. Walee kwa majani yaleyale uliyowakuta nayo, kisha usubiri waonyeshe mbawa.

Miti kabla ya wadudu

Kiwavi hula mimea ya jamii ya Rutaceae. Nyumbani hiyo ni mlimau, mndimu, mchungwa, mdanzi, mchenza na mbalungi. Porini ni miti kama mjafari na Clausena anisata, ambayo jani lake likisuguliwa hutoa harufu kali. Hii ndiyo miti aliyokuwa akila kabla machungwa hayajaletwa barani, na ingali inamlisha misituni. Kusini kabisa mwa Afrika baadhi ya viwavi wake hula mimea ya jamii ya shamari, lakini huku kwetu usiitegemee.

Mlimau ndio mti bora wa kulelea, kwa sababu huchipua mara kwa mara na jani lake si gumu. Mdanzi nao ni mzuri: unastahimili kukatwa, mbegu zake huota kwa urahisi, na hakuna atakayelalamika umeharibu matunda. Otesha mbegu mbichi zilizotoka kwenye tunda siku hiyohiyo, kwa kina cha sentimita 2, kwenye viriba vya udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Mbegu iliyokauka wiki moja juani huota kwa shida. Miche ikifika kimo cha goti, ikate ncha ili itoe matawi, kwani unachotafuta ni majani na si mti mrefu.

Idadi hupangwa hivi. Weka hesabu ya majani makubwa yasiyopungua 20 kwa kila kiwavi, na mche wa nusu mita usiubebeshe zaidi ya viwavi wawili hadi wapupe, yaani wageuke pupa, ile hatua ya kutulia ndani ya ganda kabla ya kuwa kipepeo. Gawa miche yako mafungu matatu: moja linaliwa, la pili linachipua, la tatu linangoja zamu yake. Mche uliovuliwa majani yote huhitaji wiki 6 hadi 8, maji na mbolea kidogo kabla ya kurudi kazini. Ukitaka viwavi 30 kwa mkupuo bila wasiwasi, kuwa na miche isiyopungua 45 au miti michache mikubwa ya kukatia matawi.

Na hapa ndipo panapoua viwavi wengi kuliko maadui wote: dawa. Miche ya kununua mara nyingi imepigwa dawa dhidi ya vidukari na wadudu wanaochimba majani, na nyingine ni zile zinazonyonywa na mizizi na kuenea ndani ya utomvu. Kuosha jani hakuziondoi. Viwavi hula vizuri asubuhi, jioni wanatetemeka, wanatapika maji ya kijani na kuanguka. Mche wowote usioujua historia yake uweke kando miezi kadhaa, kata majani ya zamani, kisha jaribu machipukizi mapya kwa viwavi wawili tu kwa siku tatu kabla ya kuwaamini wote. Angalia na jirani: dawa ya shamba lake husafiri kwa upepo.

Kupata mayai

Mayai ni bora kuliko viwavi wakubwa. Kiwavi aliyekulia nje wiki mbili ana uwezekano mkubwa wa kuwa ameshabebeshwa mayai ya nyigu au nzi vimelea, na hutajua mpaka pupa itoboke. Yai ulilolikuta mapema halijapata muda wa kuonwa.

Tafuta baada ya mvua kuchochea machipukizi. Masika na vuli ndiyo misimu yenye neema, ingawa bustani inayomwagiliwa maji hutoa mayai hata kiangazi. Jike huruka akipapatika juu ya mti, akigusa jani baada ya jani kwa miguu ya mbele. Anaonja kwa miguu hiyo kama ni mti wenyewe. Akiridhika hukunja tumbo na kubandika yai moja, kisha huondoka. Hatagi fungu. Kwa hiyo pekua majani laini ya ncha za matawi, juu na chini, hasa kwenye miche mifupi iliyo juani. Yai ni duara kama shanga, rangi ya manjano hafifu, kipenyo kama milimita moja na nusu.

Usilibandue. Kata jani zima na kikonyo chake, liweke kwenye kopo dogo lenye karatasi iliyonyunyizwa maji kidogo, mbali na jua. Andika tarehe. Yai lenye uhai hupata alama za kahawia, kisha huwa la kijivu na kichwa cheusi cha kiwavi huonekana ndani siku ya mwisho. Lililobaki la manjano na kubonyea halikurutubishwa. Lililogeuka jeusi tititi pote lina nyigu wadogo wa vimelea ndani. Litoe kwenye kopo siku hiyohiyo, wasije wakatoka na kutaga kwenye mengine.

Kwenye joto la pwani mayai huanguliwa kwa siku 4 hivi, na sehemu za baridi kama Lushoto au Njombe huchukua wiki au zaidi. Tofauti hii ya joto itakufuata katika kila hatua, kwa hiyo tarehe zote zilizomo humu zichukue kama za mahali penye nyuzi 25 hadi 30 za selsiasi, kisha uandike kalenda yako mwenyewe.

Viwavi: wiki tatu za kazi

Kiwavi akitoka hula ganda la yai lake. Mwache alimalize. Hujivua ngozi mara nne akiwa kiwavi, hivyo ana umri tano, yaani hatua tano za kukua. Katika umri wa kwanza hadi wa nne ana rangi ya kinyesi cha ndege, nyeusi au kahawia yenye tandiko jeupe katikati. Wa tano anabadilika kabisa: kijani kibichi, mistari ya kahawia na nyeupe ya kukata ubavuni, na alama mbili kama macho mabegani ambazo si macho hata kidogo. Kichwa chenyewe ni kidogo na kimefichwa chini. Atafika urefu wa sentimita 4 na nusu hivi.

Siku 7 za mwanzo waweke kwenye vikopo vya plastiki vyenye mfuniko, viwavi wasiozidi watano kwa kopo la lita moja. Watoto hawa wanahitaji jani laini la ncha. Taya zao haziwezi jani la zamani. Tandika karatasi chini, badilisha kila siku pamoja na jani. Huna haja ya kutoboa mfuniko ukifungua mara moja kwa siku, na kopo lililofungwa hulihifadhi jani lisinyauke. Lakini ukiona matone ya maji ukutani, acha wazi kwa dakika kumi na upanguse. Unyevu uliotuama ndio mlango wa ukungu na bakteria, na kiwavi mdogo hufa akizama kwenye tone moja.

Usimshike kwa vidole. Tumia brashi laini ya kuchorea, na hata hiyo iwe kwa dharura. Kilicho bora ni kukata kipande cha jani alilokalia na kukiweka juu ya jani jipya. Atahama mwenyewe. Jambo hili lina sababu. Kila anapokaribia kujivua, hutandaza zulia jembamba la hariri, hushikilia miguu yake hapo na kutulia tuli siku nzima bila kula. Anayemwona hivyo hudhani anaumwa na kumng'oa. Akishang'olewa hana pa kukaza ngozi ya zamani, inamkaba katikati na anakufa. Kiwavi aliyetulia na kichwa kimevimba nyuma, mwache alipo hata kama jani limekauka.

Kuanzia umri wa tatu una njia mbili.

Ya kwanza ni mfuko wa wavu kwenye tawi la mti hai. Shona wavu laini wa chandarua kisicho na dawa, urefu sentimita 70 na upana 40, wazi pande zote mbili. Neno *kisicho na dawa* lisikupite: vyandarua vinavyogawiwa dhidi ya malaria vimetiwa kiuadudu na vitaua kila kitu ndani. Kabla ya kuvisha tawi, likague jani kwa jani na kulitikisa ili buibui na sisimizi watoke, kwani ukifunga buibui mmoja ndani umemwandalia karamu. Weka viwavi watano au sita, funga ncha zote mbili kwa kamba juu ya kitambaa au sponji inayojaza nafasi kati ya tawi na wavu. Kila siku mbili fungua ncha ya chini umwage kinyesi. Majani yakibaki robo, hamisha mfuko, usingoje yaishe.

Njia ya pili ni vitawi vilivyokatwa, ndani ya sanduku au kizimba cha wavu. Chomeka vitawi kwenye chupa ya maji, kisha ziba mdomo wa chupa kwa pamba au karatasi mpaka pasiwe na upenyo. Viwavi hushuka wakifuata shina na huzama bila kupiga kelele. Badilisha vitawi kila siku moja au mbili. Ukichelewa, jani la mlimau hujikunja na kukauka, na viwavi huanza kutangatanga ukutani. Njia hii inakupa usafi unaouona, mfuko unakupa jani bichi zaidi. Kwa mtu mwenye miti ya kutosha, mfuko hushinda.

Usibadilishe aina ya mti katikati. Aliyeanza na mlimau amalize na mlimau, kwa sababu wengine hukataa jani geni na kudhoofika, hasa umri wa tano.

Umri huo wa tano ndio unaokula sehemu kubwa ya chakula cha maisha yote ya kiwavi. Jana uliona majani yamejaa, leo vijiti. Panga matembezi yako ya kukata majani yaangukie hapo, na ukiwa na viwavi wa umri tofauti, watenganishe. Wakubwa huwalia wadogo chakula na kuwakanyaga wanapojivua. Harufu ya ile pembe nayo hubadilika: kiwavi wa kijani akikasirika hutoa ukali wa samli iliyochacha, silaha dhidi ya sisimizi na wadudu wengine wavamizi. Kwa binadamu haina madhara, ila kiwavi anayesumbuliwa kila saa hupoteza nguvu.

Kupupa

Baada ya wiki tatu hivi za kula, kiwavi hutoa kinyesi cha majimaji, rangi yake hufifia, na huanza safari. Si kuhara kwa ugonjwa, anasafisha tumbo. Mwenye ugonjwa hulegea, huyu hukimbia. Mpe vijiti vikavu vyenye ganda la kukwaruza, unene wa penseli, vilivyosimama wima au kuinama kidogo. Ukuta laini wa plastiki hauwafai.

Akipata mahali hufuma kitako cha hariri, hujishika hapo kwa ncha ya nyuma, kisha hujizungushia uzi kiunoni kama mkwezi aliyejifunga kamba kwenye mnazi. Hukaa hivyo takriban siku moja, halafu ngozi hupasuka mgongoni na pupa hujitokeza. Kwa saa kadhaa pupa ni laini kama ute. Mguso wowote wakati huo huacha kovu litakaloharibu ubawa, kwa hiyo subiri siku mbili kamili kabla ya kuihamisha.

Pupa huwa ya kijani au ya kahawia. Hufuata mazingira: kwenye kitawi kibichi kati ya majani hutoka kijani, kwenye kijiti kikavu hutoka kahawia. Rangi haihusiani na afya wala jinsia. Kinachohusu afya ni uzito na ugumu. Pupa hai ina uzito mkononi. Iliyokufa ni nyepesi, au imelainika na kunuka.

Iliyoanguka haijapotea. Fungia uzi kwenye mabaki ya hariri yaliyo ncha ya mkia na uining'inize, au weka tone dogo sana la gundi kwenye ncha hiyo na kuibandika kwenye kijiti. Ikishindikana, ilaze juu ya karatasi kavu chini ya ukuta wa wavu ili kipepeo atakapotoka apate pa kupanda mara moja. Nyunyiza maji mepesi asubuhi ikiwa hewa ni kavu. Penye joto pupa hukaa wiki mbili hadi tatu, na baridi ya Juni na Julai nyanda za juu huweza kuirefusha mno. Usiitupe kwa sababu tu kalenda imepita.

Siku ya kutoka

Siku moja kabla, ganda huwa kama kioo cheusi na madoa ya manjano ya mbawa huonekana kwa ndani. Wengi hutoka asubuhi. Kipepeo hupasua ganda, hupanda juu, huning'inia, na kusukuma maji ya mwili kwenye mishipa ya mbawa. Ndani ya dakika 20 mbawa zimenyooka, lakini bado ni kama kitambaa kilicholowa. Zinahitaji saa mbili hadi tatu kukauka, na wakati huo anahitaji nafasi tupu ya sentimita 15 chini yake. Tone la rangi ya matofali litakaloanguka si damu; ni uchafu uliobaki tangu alipokuwa pupa.

Mbawa zikikunjamana, sababu karibu kila mara ni mojawapo ya hizi: alianguka na hakuna aliyemwinua ndani ya dakika chache, hewa ilikuwa kavu, pupa zilibanana, au kiwavi alilala njaa. Ukimkuta chini, mpe kijiti akishike kwa miguu yake na umsimamishe. Ukichelewa nusu saa, hakuna la kufanya.

Chakula na banda

Siku ya kwanza hahitaji kula. Baada ya hapo mpe maua: pentas, ixora, bougainvillea, zinnia. Lantana humvutia kupita zote, lakini ni gugu linalovamia mashamba na misitu. Kama liko kwa jirani, shukuru, usilipande.

Ndani ya banda ongeza maji ya sukari, kijiko kimoja cha sukari kwa vijiko kumi vya maji, kwenye sponji pana jekundu au la manjano. Iwe pana kwa sababu kipepeo huyu hula huku mbawa zikipapatika, na kwenye kikombe chembamba ataloa. Badilisha kila siku, yasichachuke. Asiyeelewa sponji mshike mbawa zote nne zikiwa zimefungwa pamoja, mkunjulie mrija kwa ncha ya sindano mpaka uguse sponji. Atajifunza kwa mara moja au mbili. Weka pia sahani ya mchanga uliolowa. Madume hupenda kunyonya chumvichumvi hapo, kama wanavyofanya kando ya vijito.

Kwa uzazi banda liwe na urefu, upana na kimo kisichopungua mita 2 kila upande, nusu ikipata jua la asubuhi. Banda fupi huwafanya wajigonge na kupasua mbawa. Wasipopandana wenyewe, unaweza kuwapandisha kwa mkono:

1. Chagua dume wa siku 2 au 3 aliyekula, na jike wa siku moja.
2. Mshike kila mmoja kwa mbawa zilizofungwa, karibu na kifua, tumbo likiwa huru.
3. Binya kwa wepesi pande za ncha ya tumbo la dume mpaka vile vibamba viwili vifunguke.
4. Gusisha ncha ya tumbo la jike katikati ya vibamba, matumbo yakiwa yamekingamana.
5. Dume akikamata, shusha polepole mpaka jike ashike wavu, uwaache waning'inie pamoja. Huchukua nusu saa hadi saa nzima au zaidi. Usiwaachanishe.

Kesho yake weka miche miwili ya mlimau yenye machipukizi mahali penye jua ndani ya banda. Bila jua jike hatagi, hata mti uwe mzuri namna gani. Kusanya majani yenye mayai kila jioni. Na baada ya vizazi vitatu au vinne ingiza damu mpya kwa mayai ya nje, kwani ndugu wakipandana mfululizo mayai mengi hayaanguliwi.

Yanayoharibu kazi

Maradhi huanzia kwenye msongamano. Kiwavi anayegeuka mweusi, akalegea na kuning'inia kama mfuko wa maji machafu, ana virusi au bakteria. Mtoe kwa kijiti, mchome moto pamoja na jani na karatasi yake. Wenzake wahamishe kwenye kopo jipya na uwatenge. Vyombo vyote loweka dakika 20 kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa tisa za maji, kisha suuza na uanike juani. Usilainishe sharti hili kwa sababu viwavi waliobaki wanaonekana wazima.

Sisimizi huzuiwa kwa kusimamisha miguu ya meza kwenye vikopo vya maji yenye mafuta kidogo juu. Maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, hawazuiliki hivyo mtini. Mti waliouteka hautoi kiwavi hata mmoja, tafuta mwingine. Mjusi, vunjajungu na buibui hula viwavi wakubwa wakipenya, na nyigu wa vimelea hutaga ndani ya pupa changa iliyo bado laini, kwa hiyo viwavi wanaotangatanga waingize ndani ya wavu laini mapema. Pupa yenye tundu dogo la mviringo na maganda matupu ndani imekwisha kuliwa na nyigu.

Kuachia, kuuza, na shamba la jirani

Achia asubuhi jua likishapasha hewa, siku isiyo na mvua, mahali palepale mayai yalipotoka. Usiwasafirishe kutoka bara kwenda kisiwani wala mkoa hadi mkoa.

Biashara ipo, lakini inauzwa pupa na si kipepeo, kwani pupa hukaa kimya ndani ya pamba safarini. Mradi wa Kipepeo, ulio chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ulianza Gede mwaka 1993 ili wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wapate kipato bila kukata miti. Tanzania ilifuata mfano huo Amani, Usambara Mashariki. Demodocus mwenyewe ni wa kawaida mno, na wanunuzi hutafuta zaidi wa msituni. Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, na wafugaji wa vipepeo waliguswa, hivyo kabla ya kulea kwa ajili ya kuuza nje, uliza mamlaka ya wanyamapori kibali kinasemaje mwaka huo. Ndani ya hifadhi usiokote chochote.

Mwenye kitalu cha machungwa atakuona mfuga adui, na ana hoja: viwavi watatu humaliza mche wa kupandikiza kwa siku chache. Mwombe asipige dawa, umwokotee wewe. Pita kila siku ya pili wakati wa machipukizi, chukua mayai na viwavi wa rangi ya kinyesi, uwahamishie kwenye midanzi yako. Unapata mbegu ya kufuga, naye anapata miche. Miti yake ikishapita kimo cha mtu, viwavi wachache hawauumizi tena. Hapo hata asipokuita, waache walipo.